Mtoto na Mlima

Mtoto wa Ziba, aliyezaliwa katika mbuga za Igunga, huona mbali bila ya kuinua uso. Mwenziwe wa Morogoro huamka chini ya Milima ya Uluguru, lakini huenda asiijue, maana kuona si kujua. Je, ni haki kumpandisha mlimani angali mdogo? Wako wasemao kuwa miguu yake ni dhaifu. Ni kweli, basi njia na iwe fupi. Lakini mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, huanzia huko juu. Mtoto na aonyeshwe chemchemi kabla ya kupewa shoka. Akiujua mlima kwa faida tu, atauuza. Akiujua kwa hofu tu, ataukimbia. Akiupenda, atautunza hata kwa ajili ya wasiopata kuuona.