Kasoro Anayoijua Mwuzaji

Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza ilizaliwa katika masoko ambamo bidhaa ziliweza kujisemea. Kamba wa delta ya Rufiji walioharibika walisema kwa harufu. Boriti ya mkoko iliyoliwa na wadudu ilisema kwa matundu. Mkeka wa ukindu ulioshonwa ovyo ulisema kwa mishono yake. Ngoma ya mti nayo haikuwa na siri kubwa. Mnunuzi aliinama, akaipiga kwa kiganja, akasikiliza, akaigeuza kutazama kama mzinga umepasuka. Ngozi ikiwa imelegea aliisogeza motoni, akaipiga tena. Alipotoa fedha alikuwa amekwisha kujua karibu yote aliyoyajua mwuzaji. Na kama alipunjwa, sehemu ya lawama ilikuwa ya uvivu wake mwenyewe.

Vyombo vya muziki vya umeme havina tabia hiyo. Ngoma za umeme ni sahani za mpira au za wavu, na chini ya kila sahani kimetegwa kihisio kidogo kinachopeleka habari ya pigo, kwa waya, mpaka kwenye sanduku lenye sauti. Vivyo hivyo vile visanduku vya chuma ambavyo mpiga gitaa huvikanyaga kwa mguu ili sauti ya nyuzi ivume, ikwaruze au irudi kama mwangwi: uzuri wake na ubaya wake vyote vimefungiwa ndani kwa misumari minne. Waya hukatika ndani ya ngozi yake, na kwa nje ukaonekana mzima. Kihisio kilicholegea huitika mara mbili kwa pigo moja. Hewa ya chumvi huota kutu ya kijani juu ya risasi iliyounganisha vipande, wala jicho la mnunuzi halifiki huko. Chombo cha namna hii huweza kuimba vizuri robo saa dukani, kikanyamaza usiku wa manane katikati ya harusi. Rangi yake ing'aapo, kibaya nacho chajiuza.

Vingi katika vyombo hivi huwafikia wanamuziki wadogo wa Tanzania vikiwa vimekwisha kutumika na watu wengine, pengine katika nchi nyingine. Hupita Dar es Salaam, hupita mikononi mwa mtu wa kwanza na wa pili, na baadhi huchukua barabara ya Kilwa kuelekea kusini. Kibiti iko kiasi cha kilomita 140 kutoka Dar es Salaam. Msafiri wa kusini huendelea kuelekea daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na msafiri wa delta hugeuka mashariki kuitafuta bandari ya Nyamisati, na baada ya Nyamisati ni mashua, mikoko, na saa za kujaa na kupwa kwa maji.

Na tukio liwekwe hapo Kibiti, kwa mfano tu, ili swali lipate mwili. Kijana wa kijiji kimoja cha delta amekusanya fedha pamoja na wenzake watatu ili wapate ngoma za umeme na kisanduku kimoja cha gitaa, wapige katika harusi na shughuli za jirani. Mwuzaji anajua mambo mawili. Sahani moja huanza kuitika mara mbili ikikwisha kupata joto la kupigwa kwa saa nzima. Tena kisanduku cha gitaa hutaka umeme wa volti 9 ambao ncha yake hasi iko katikati ya tundu, na adapta inayouzwa pamoja nacho si yake ya asili. Huingia vizuri katika tundu, lakini ncha zake zimegeuzwa, na huenda ikakiunguza. Dukani kisanduku kinajaribiwa kwa betri. Kijana anapiga, anafurahi, na kwa adabu ya pwani anauliza: "Hiki kizima, mjomba?" Mwuzaji anajibu: "Si umekisikia mwenyewe, mwanangu?"

Neno hilo si uongo. Kijana amekisikia kweli. Hapo ndipo ugumu wa swali ulipo, kwa kuwa mwongo wazi hana haja ya kuandikiwa insha. Je, mtu aliyesema kweli tupu, akanyamazia kweli nyingine, ametenda dhuluma?

Swali hili ni kongwe. Cicero, katika kitabu chake cha wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, aliwapambanisha wanafalsafa wawili waliomtangulia, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, juu ya mtu anayeuza nyumba yenye ubovu ambao yeye peke yake anaujua. Kwa Diogenes, kunyamaza si kuficha. Mwuzaji hakumlazimisha mtu kununua, na mnunuzi ana macho yake. Kwa Antipater, kumwacha mtu aingie hasarani kwa kutojua ni sawa na kumwona aliyepotea njia ukakataa kumwonyesha. Cicero alimwelekea Antipater. Mwuzaji wa Kibiti, bila kumsoma hata mmoja wao, amesimama upande wa Diogenes, na hoja zake si za kudharauliwa.

Atasema kwanza kwamba bei imekwisha kusema: chombo kipya kingegharimu mara nne, na anayenunua kikuukuu amekubali ukuukuu wake. Hoja hii ina nusu ya haki. Bei ndogo husema kwamba kuna kasoro, lakini haisemi ni ipi. Mpiga ngoma angeweza kuikubali sahani mbovu ya pembeni, asiikubali ile ya katikati aipigayo kila mpigo. Isitoshe, bei ni lugha, na lugha hufahamika kwa aliyejifunza. Fundi wa Kariakoo huisoma kama barua, kijana wa delta huiona kuwa ni bahati.

Atasema pili kwamba chombo kilijaribiwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, iliyorithiwa kutoka enzi ya Waingereza, nayo huipa hoja hii uzito: mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifunua. Lakini ukaguzi wa robo saa haukupaswa kufunua kasoro inayotokea baada ya saa nzima, wala jaribio la betri halikupaswa kufunua ubaya wa adapta. Mwuzaji aliyechagua namna ya kujaribu, naye ajua jaribio hilo halitafika penye ubovu, hakumpa mnunuzi jaribio. Amemwuzia mbuzi kwenye gunia, akamruhusu kulipapasa gunia.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu. Mwuzaji atasema: "Mali ikiuzwa hairudishwi, nimetangaza hivyo, naye amekubali." Juu ya jambo hili wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani, walifikiri kwa makini kuliko wengi. Mtu akiuza kitu kwa sharti kwamba hadaiwi kasoro yoyote, sharti hilo humwokoa wapi? Kauli iliyopewa nguvu na Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13, ni kwamba humwokoa mahali pamoja tu: katika mnyama, kwa kasoro ya ndani, ambayo mwuzaji mwenyewe hakuijua. Sababu iliyotolewa ni ya kupendeza. Mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa. Hali yake hubadilika. Ni nadra kumpata asiye na kasoro ya siri. Kumdai mwuzaji dhamana ya kila kilicho ndani ya mnyama ni kumdai elimu ya ghaibu.

Wanachuoni wale hawakuziona ngoma za umeme. Lakini ni chombo gani cha soko la leo kinachomfanana mnyama kuliko hiki? Nacho "hula" umeme kikiwa kizima na kikiwa kigonjwa. Nacho hubadilika kwa joto na unyevu. Nacho hufa ghafula bila kumwaga mwenyewe. Ikiwa kiyasi hiki kinakubalika, basi mwuzaji wa vyombo vikuukuu anastahili kusamehewa zaidi kuliko mwuzaji wa mikeka. Asidaiwe kuapa kwamba kila kipande cha ndani ni kizima. Lakini msamaha huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni elimu yake. Asichokijua, sharti lake laweza kukifunika. Anachokijua, hapana sharti la kukifunika. Sahani inayoitika mara mbili si ghaibu kwake. Ameisikia kwa masikio yake, labda katika harusi yake mwenyewe.

Kuna pingamizi jingine, nalo halitoki sokoni bali katika muziki wenyewe. Nani aliyesema kwamba kasoro ni kasoro? Mwaka 1961 wimbo wa Marty Robbins uliorekodiwa Nashville ulitoka ukiwa na sauti ya gitaa zito iliyokwaruza kwa sababu ya kipande kibovu katika mtambo wa kurekodia. Watu wakaipenda, na mwaka 1962 kikaanza kuuzwa kisanduku cha kanyagio kilichotengenezwa makusudi kutoa ukwaruzo ule. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotengenezwa tangu 1980 hadi 1983, haikufua dafu ilipokuwa mpya. Ilikuja kupata utukufu wake mikononi mwa vijana wa Marekani walioinunua kuukuu kwa bei ndogo. Dar es Salaam kwenyewe, muziki wa mchiriku uliokua katika vitongoji vya Waswahili umesimama juu ya vinanda vidogo vya Casio vya miaka ya 1980, vilivyoonwa kwingine kuwa vya kuchezea watoto, vikapitishwa katika spika zilizochoka mpaka sauti ikawa kali kama msumeno. Kundi la Jagwa Music, lililoanzishwa mwaka 1992, liliipeleka sauti hiyo hadi Ulaya. Basi huenda mwuzaji akasema: "Nimtangazie ubovu, nami sijui kama kwake si uzuri?"

Ni hoja ya werevu, lakini hujiangusha yenyewe. Kama kasoro yaweza kuwa uzuri, kuitaja hakumpotezei mwuzaji kitu; pengine kwaweza hata kumwongezea bei. Anayeficha anafanya hivyo kwa sababu anaamini kwamba kwa mnunuzi huyu si uzuri. Tena mpiga kinanda wa mchiriku hakuletewa ukwaruzo kwa siri. Aliusikia, akautaka, akautunza. Mtu akilichagua jeraha laweza kuwa chale. Akitiwa bila kujua, limebaki jeraha.

Yafaa pia mwuzaji atazamwe kwa huruma, maana mara nyingi si tajiri. Katika historia ya dansi ya Tanzania vyombo kwa kawaida havikuwa mali ya wapigaji. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, na desturi hiyo ilienea katika bendi za mashirika: mpigaji alipoondoka, aliondoka na vidole vyake tu. Kwa hiyo mwanamuziki anayeuza ngoma zake mwenyewe huenda anauza kitu pekee alichowahi kumiliki katika kazi yake, kwa ajili ya karo au matibabu. Akisema ukweli bei itashuka. Tena huenda naye alificha­liwa kasoro ile ile alipoinunua. Kwa nini yeye awe wa kwanza kula hasara ambayo hakuizaa?

Hapo ndipo Kibiti na delta zinapotoa jibu ambalo Rhodes na Roma hazikulitoa. Hasara inayofichwa haipotei, hupokezwa. Mtu wa kwanza humpa wa pili, wa pili wa tatu, kama mto ushushavyo tope kutoka bara, na kila mmoja husema kwamba hakulianza. Lakini mto una mwisho. Mtu wa delta ndiye aliye mwishoni mwa njia hii: baada yake hakuna soko, kuna bahari. Haki ya kurudisha chombo anayo katika vitabu, vya dini na vya serikali. Lakini ili aitumie atapanda mashua, atangoja maji, atalipa gari, atapoteza siku mbili, na mwuzaji atamwuliza kama si yeye aliyekilowesha njiani. Kwa mtu wa Kariakoo, neno lililonyamaziwa leo laweza kutafutiwa dawa kesho. Kwa huyu, dawa ni ile ya kabla ya malipo tu. Kadiri njia ya kurudi inavyokuwa ndefu, ndivyo wajibu wa kusema unavyokuwa mzito. Na umaskini wa mwuzaji, ambao ni wa kweli, hauwezi kulipwa na maskini aliye mbali zaidi bila ridhaa yake.

Wala ridhaa hiyo si ngumu kupatikana kama mwuzaji anavyoogopa. Kijana akiambiwa habari ya sahani atauliza ni ipi, ataipiga, atafikiri. Ataomba punguzo, nalo litamwuma mwuzaji. Huenda akaihamishia pembeni, mahali pa pigo linalokuja mara moja moja. Adapta ataiacha juu ya meza, anunue betri za volti 9, apande gari la Nyamisati akiwa amepakata mzigo ambao anajua kilichomo.