Fungu la Asiyeweza Kuomba

Mali ya pamoja ikitengwa, na aliyetengewa hana haja nayo saa hiyo, ni haki kumnyima mwenye haja? Swali hili hunijia mezani kwangu Ngamiani, Tanga, ninapotengeneza laptopu za watu.

Nyingi ya laptopu hizo hazina kadi ya picha. Kinachochora kioo kimo ndani ya prosesa, nacho hula RAM ileile inayoliwa na programu zote. Hula kwa njia mbili. Kwanza kuna fungu linalotengwa na BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows: megabaiti 128, 512, pengine gigabaiti 2. Hilo Windows hailigusi. Ndiyo maana mtu akinunua laptopu ya gigabaiti 8, akaona zinazotumika ni 5.9, anakuja kwangu akidhani kaibiwa. Pili kuna kuazima: picha zikiwa nzito, Windows huongeza, mpaka karibu nusu ya RAM yote, na kazi ikiisha kilichoazimwa kinarudi.

Vijana wa gemu hawataki azima. "Fundi, nipandishie iwe mbili." Nami huwaambia kwamba mara nyingi kinachowakwamisha ni kasi ya RAM, si ukubwa wa fungu; mwenye kijiti kimoja cha nane angepata nafuu zaidi kwa viwili vya nne nne. (Zipo gemu zinazotazama tarakimu ya fungu tu, zikakataa kufunguka. Hizo nazipa zitakacho, shingo upande.)

Madrasa ilinifundisha kuichukia mali iliyolala. Anayeficha nafaka akingoja bei ipande amekemewa vikali katika dini yetu, na nilikaribia kuiweka BIOS kundi moja naye. Lakini tazama kwa nini inatenga. Unapobonyeza kuwasha, Windows bado haijaamka. Hakuna wa kuombwa. Na kioo lazima kiwake wakati huohuo, kwa sababu mashine ikishindwa kuamka, ni hapo kiooni utakaposoma imeshindwa wapi.

Sheria ya mirathi inalijua jambo hili. Mtu akifa akaacha mjane mwenye mimba, wala hana mtoto mwingine, mali haigawanywi yote ikaisha. Mjane ambaye bila mtoto angepata robo, kwa Shafi, madhehebu ya wengi wetu pwani, hupewa thumuni kwanza. Kilichobaki kinangoja uzazi. Ndugu wa marehemu anaweza kuwa na karo ya kulipa kesho, na haja yake ni ya kweli kabisa. Atangoja. Hakuna shehe atakayeuita huo ulanguzi, maana aliye tumboni ana haki ila hana kinywa cha kuidai.

Ila mimba ina mwisho. Mtoto akizaliwa hai anachukua lake; akizaliwa maiti, fungu linarudi kwa warithi. Fungu la BIOS halirudi mpaka mashine izimwe, ingawa Windows imekwisha kuamka na mchoraji sasa anaweza kuomba kama wengine. Hoja iliyolihalalisha imekufa tangu dakika ya kwanza, lenyewe linaishi kutwa. Kwa hiyo, kwangu mimi, dogo ni haki, na kila megabaiti inayozidi haja ya kuwasha kioo inatakiwa kujieleza.

Wapo watakaosema azima haina uhakika: siku RAM imejaa, picha zitakwama. Kweli, zitakwama. Lakini siku hiyo hesabu za muuza duka zimekwama, na barua anayoiandika mwanawe imekwama, wala sioni kwa nini picha peke yake zibaki na shibe.

Kijana wa gemu hakushawishika. Laptopu ni yake; nikampandishia.