Chema Chajiuza? Fikira Juu ya Maonyesho ya Wakulima

Wahenga walituachia usemi kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ikiwa usemi huu ni wa kweli, yatupasa tujiulize: kwa nini basi kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa Agosti, mkoa wetu wa Singida hukusanya alizeti yake, vitunguu vyake, asali yake na kuku wake mashuhuri, ukasafiri navyo kilomita zipatazo 240 hadi viwanja vya Nzuguni, Dodoma, ili kuvitembeza mbele ya macho ya watu? Je, twatembeza kibaya?

Desturi hii ina asili yake. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na baada ya Uhuru siku hiyo ya Saba Saba ikawa sikukuu ya wakulima. Katika miaka ya 1990 heshima ya mkulima ilihamishiwa tarehe 8 Agosti, yaani Nane Nane, nayo Saba Saba ikabaki na maonyesho ya biashara. Mikoa ya Dodoma na Singida, ambayo ndiyo Kanda ya Kati, hukutana Nzuguni. Huko mna mabanda ya halmashauri, mifugo ya mbegu bora, mashine za kukamua mafuta, ngoma, na vipando, ambavyo ni vijishamba vya mfano.

Katika vipando hivyo ndimo swali letu lilimo. Mvua za Singida huanza Novemba au Desemba na kukoma mwezi wa Aprili au karibu yake, nazo kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Ifikapo Agosti, shamba la mkulima wa Ikungi au Iramba limebaki mabua makavu. Lakini Nzuguni alizeti i kijani kibichi, imeinamisha kichwa kwa uzito wa mbegu. Imelishwa mbolea, imenyweshwa maji ya kumwagiliwa, imelindwa na mtaalamu. Mkulima husimama mbele yake kimya. Je, alichoonyeshwa ni kweli au ni uongo?

Wako watakaosema ni uongo, maana hakuna shamba kama hilo kijijini kwake. Hatukubaliani nao upesi hivyo. Mwalimu huandika herufi nzuri ubaoni, hali ya mwanafunzi ni mkono uliopinda, wala hakuna amwitaye mwalimu mwongo. Mfano sharti upite hali iliyopo, la sivyo si mfano. Ila tukumbuke jambo moja: mwalimu huandika herufi ile mbele ya mtoto. Mtoto huona chaki inapoanzia, inapogeukia na inapokomea. Kipando kisicho na maelezo ni herufi aliyoikuta mtoto imekwisha andikwa. Ataistaajabia, lakini hataweza kuiandika.

Kwa hiyo twadhani wahenga hawakulaani kutembea. Walilaani kutembea huku umeficha ulikotoka. Alizeti ya Nzuguni ikisema wazi imekunywa maji kiasi gani, imegharimu shilingi ngapi na imepaliliwa na mikono mingapi, hiyo ni elimu. Ikinyamaza ni pambo, na pambo humfanya mkulima aone haya kwa shamba lake ambalo halikukosa bidii bali lilikosa maji.

Hapo ndipo heshima ya mtu inapoguswa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya kwamba watu wa mijini twaweza kuwa wanyonyaji wa wakulima. Unyonyaji si wa fedha tu. Tukimwita mkulima kwenye karamu yake mwenyewe, kisha tukamweka nyuma ya kamba atazame tu, wakati wasemaji ni sisi wa ofisini, tumemnyang'anya sauti.

Basi na tuweke, kando ya alizeti iliyonyweshwa, kichwa kidogo cha alizeti iliyotegemea mvua ya Mkalama, na aliyeilima asimame hapo aeleze mwaka wake ulivyokuwa. Nanyi walimu, mnapowapeleka wanafunzi Nane Nane, msiwaulize wameona nini. Waulizeni wamemwuliza nani, naye amewajibu nini.