Kutoona si Ushahidi wa Kutokuwapo

Toleo la 4.19 la kiini cha Linux lilitolewa mwezi wa Oktoba 2018, likiwa limekwisha kupitia mikono ya wajaribu wengi, na haukupita muda mrefu baadhi ya waliolipokea wakaanza kukuta faili zao zimeharibika. Na kwa kuwa maonyo yalikuwa yakitolewa na ext4, yaani ule mfumo unaozipanga faili juu ya diski, tuhuma ikauangukia huo ext4, kama aghalabu inavyomwangukia yule apigaye kelele kwanza. Kumbe ndio uliodhulumiwa. Mwanzoni mwa Disemba Jens Axboe, msimamizi wa sehemu ya kiini inayopeleka maombi ya kusoma na kuandika kwa viendeshi vya diski, alitoa marekebisho yaliyobainisha chanzo: ombi likipelekwa moja kwa moja kwa kiendeshi, nacho kikajibu kwamba kimeshughulika, lilirudishwa katika foleni, na huko likaweza kuunganishwa na ombi jingine, ilhali kiendeshi kilikuwa kimekwisha kuliandalia hesabu yake ya awali, hata lilipopelekwa tena likawa na mwili mpya na hesabu ya zamani.

Basi mtu aliyekuwa na diski isiyoelemewa na kazi angaliweza kujaribu usiku na mchana asipate kitu, naye akisema, “Nimejaribu, sikuona kosa,” angekuwa mkweli. Uongo ungeingia pale tu ambapo msikilizaji angeyageuza maneno hayo yakawa, “Kosa halipo.” Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1972, alikuwa mkali katika jambo hili, akiona kwamba jaribio hushuhudia kosa lililopo tu, na kwamba usahihi wa programu hutafutwa kwa hoja. Mimi nakubaliana naye nusu, kwa kuwa hoja haiwezi kuijua diski ambayo kiwanda chake chenyewe hakikueleza tabia zake zote.

Tangu mwaka 2004 kila badiliko liingialo katika Linux huandamana na majina: aliyeliandika, aliyelipokea na kulipitisha, na wakati mwingine aliyelijaribu. Aliyesoma elimu ya hadithi hatakosa kukumbuka sanadi, yaani mlolongo wa majina ya waliopokezana hadithi. Lakini wanavyuoni wa elimu hiyo hawakuridhika na uadilifu wa mpokezi peke yake. Waliuliza pia juu ya uangalifu wake katika kuhifadhi, kisha wakaenda mbele zaidi wakatafuta ila iliyofichika ndani ya hadithi ambayo wapokezi wake wote ni waaminifu, nayo hawakuipata ila kwa kuzilinganisha njia mbalimbali ilizopokewa.

Watafutao hitilafu katika kiini nao hulinganisha njia. Yakiwapo mabadiliko 1,000 kati ya toleo zima na toleo bovu, hulijaribu la katikati, wakaitupa nusu moja na kuendelea na ya pili, hata baada ya majaribio kama 10 hivi mkosaji hubaki peke yake. Ni njia nzuri mno, na ina hatari ambayo wengi huipuuza. Hukumu ya “bovu” ni yakini, maana kosa limeonekana kwa macho. Hukumu ya “zima” ni dhana tu, na ikiwa kosa lenyewe hutokea mara moja kwa siku tatu, dhana moja iliyopotoka hutosha kuielekeza hukumu yote kwa badiliko lisilo na hatia, na jina la mwandishi wake likatajwa mbele ya watu.

Atakayeitetea hukumu ya “zima” kwa kanuni ya fikihi isemayo kwamba yakini haiondolewi na shaka, ajiulize kwanza kama yakini hiyo alipata kuwa nayo. Kiendeshi kilichofanya kazi jana kwa diski ya jana hakijapata yakini yoyote juu ya diski ya leo. Ndiyo sababu nawaheshimu waliotunga dm-flakey, chombo kinachoifanya diski ikatae kuandika kwa makusudi, kwa vipindi vilivyopangwa, ili kiini kijaribiwe katika dhiki na si katika raha tu.

Nawe unayetia jina lako chini ya badiliko kwamba umelijaribu, andika pamoja nalo ni diski gani, kwa mzigo gani, na kwa muda gani. Asiyekujua aweze kuupima ushahidi wako.