Nyumba Ilikuwa Tupu

Wazungu wanaweza kulipa pesa nyingi kulala ghalani. Hilo nimelijua kwa kufua mashuka yao. Gesti ninayofanyia kazi siku tatu kwa wiki iko nje kidogo ya mji wa Jinja. Mimi naiendea kwa boda kutoka Masese, tunakopanga chumba karibu na mwalo wa samaki. Zamani lilikuwa ghala la pamba: kuta nene, madirisha juu kabisa, kwa sababu pamba haina haja ya kuangalia nje, na mlango mpana wa kuingiza lori. Leo ndani kuna vitanda na vyandarua vyeupe, na ule mlango wa lori umewekwa vioo ili mgeni aone bustani akinywa chai.

Mama mmoja Mwingereza aliniambia kwao ni jambo la kawaida. Mashine za kisasa za kuvuna haziingii kwenye maghala ya zamani, basi mkulima anajenga banda kubwa la chuma, na lile la mawe analifanya nyumba ya watu wa likizo. Mwaka 2014 serikali ya huko ilirahisisha hata sheria, majengo ya shamba yageuzwe makazi bila mzunguko mrefu. Sawa, mimi sioni ubaya. Mwenye ghala ndiye aliyeamua.

La kwetu ndilo linanisumbua. Pale mapokezi kuna karatasi ya historia ya nyumba. Inasema ghala lilijengwa enzi za pamba, kisha likaachwa tupu miaka mingi, kisha likakarabatiwa.

Likaachwa! Wazee wa Masese wanajua kwamba lilikuwa la Mhindi. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza Wahindi waondoke Uganda, akawapa siku 90. Jinja ulikuwa mji wa maduka yao, viwanda vyao, shule zao. Hata waliojiita raia, wengi walikataliwa karatasi zao. Halafu serikali ikaunda bodi ya kushika mali zile, na jina lake rasmi likasema ni bodi ya mali za Waasia "walioondoka". Utadhani walikwenda harusini wakachelewa kurudi.

Nalishika sana neno hili kwa sababu mimi ni mtu wa Uvira, na nyumba yangu huko ina mtu. Jirani wa zamani alinipigia simu akanieleza, kwa nia njema kabisa: "Dada, alikuta nyumba iko tupu."

Sasa swali ni hili. Yule anayelala chumbani kwangu ananikosea? Rafiki yangu aliye Nakivale anasema ndiyo, kila usiku anaolala pale ni wizi. Mimi nimefikiri sana, na siwezi kukubaliana naye. Nyumba isiyo na mtu inakufa. Mchwa hawangoji mkataba wa amani, na mvua ikipata bati lililofunguka haiulizi hati. Huenda huyo bwana naye alifukuzwa mahali. Kulala mahali palipo tupu si kosa. Kosa linaanza pale anaposema mahali hapo palikuwa tupu tangu mwanzo, kwa sababu maneno hayo yananifungia mlango hata kabla sijabisha.

Uganda yenyewe iliujaribu mlango huo. Sheria ya 1982 iliwaruhusu wenye mali zilizotaifishwa kurudi kudai, na miaka ya 1990 wengi walirudishiwa. Wengine waliuza papo hapo wakaenda zao, hawakutaka tena kulala hapa. Na tusijidanganye, haki hiyo nayo ilitoa watu nje: wapangaji waliolea watoto katika nyumba zile miaka ishirini, ambao hawakumfukuza mtu. Kwa hiyo sisemi kurudi ni jambo jepesi. Nasema angalau kulikuwa na mahali pa kubisha, kwa kuwa karatasi ilikiri kwamba nyumba ina mwenyewe.

Bosi wangu alinunua ghala kihalali, hati anazo. Nilipomwomba aongeze mstari mmoja tu kwenye ile karatasi, alicheka kwa upole: "Mama, mgeni amelipia usingizi, hakulipia matanga." Ana hoja. Mtu aliyechoka ana haki ya kupumzika bila kubebeshwa 1972 yote. Lakini mstari mmoja si matanga. Wageni wake wanasoma vitabu vinene pale bustanini, wataweza na huo.

Na ninyi ndugu wa mashirika mnaotujazia fomu, mimi nikisema nilitolewa nyumbani, msiandike niliacha nyumba. Kwenye kompyuta yenu naona tofauti ni ndogo. Kwa hakimu atakayeisoma baada ya miaka thelathini, sidhani.

Yule bwana wa Uvira azibe bati la jikoni, linavuja upande wa kushoto. Maparachichi ale, mti ule huzaa mpaka matunda yanaoza chini. Ila siku binti yangu, aliyezaliwa hapa Masese, atakapofika pale na kutaja jina la babu yake, amjibu kwamba jina hilo amewahi kulisikia.