Bunduki Adimu na Ila Iliyofichwa



Kijana mmoja niliyemsomesha chuoni, ambaye sasa anakaa Uingereza, aliniletea swali ambalo mwanzo nililiona dogo, kumbe lina kina. Anafanya kazi kwa mzee mmoja wa huko ambaye, kwa ruhusa ya sheria yao, hukusanya bunduki za kale za kijeshi. Hawindi nazo wala hapigani nazo. Huziweka kama wengine wawekavyo sarafu na saa za kale. Moja aliamua kuiuza kwa bei kubwa, kwa kuwa ni adimu. Kijana alipokuwa akiisafisha aliona kwamba namba iliyochorwa kwenye komeo, yaani kile chuma kivutwacho nyuma ili kutia risasi, si ile iliyochorwa kwenye mwili wa bunduki. Akamweleza mzee. Mzee akamjibu, "Nyamaza, mnunuzi hakuuliza." Ndipo aliponiuliza: "Maalim, mimi si muuzaji. Je, nikinyamaza nami nina dhambi?"

Kabla ya kujibu, yafaa tuijue bidhaa yenyewe. Baada ya vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika ya Kusini (1899–1902), ambako Makaburu walipiga kwa bunduki za Mauser zilizofika mbali kwa shabaha nzuri, wakubwa wa jeshi la Uingereza walitaka silaha mpya. Mwaka 1913 kiwanda cha serikali cha Enfield kilitengeneza bunduki za majaribio, zenye tundu la inchi .276, kiasi cha milimita 7. Askari wakapewa wazijaribu, na ila zikadhihiri: mtutu ulipata moto upesi, ukalika upesi, na mwako wa mdomoni ulikuwa mkubwa mno. Kabla hazijarekebishwa, vita vikuu vikaingia mwaka 1914, na huo haukuwa wakati wa kubadili risasi za jeshi zima. Umbo lile lile likageuzwa lipokee risasi ya zamani ya .303, likaitwa Pattern 1914, na viwanda vya Marekani, vya Winchester, Remington na Eddystone, vikatoa zaidi ya milioni moja.

Basi tazama mambo ya dunia! Ile iliyofaa ikawa nyingi, na ile iliyoshindwa ndiyo leo inayotafutwa kwa taa. Uchache tu ndio uliompandisha bei huyu aliyekataliwa.

Asiyejua huziona zote mbili ni moja. Mjuzi huanza na ubao wa mbele: ile ya 1913 ina mifuo ya mshazari ya kushikia vidole, na ya 1914 haina. Hutazama chuma: zilizotoka Marekani zina herufi za kiwanda chake pamoja na namba, na ile ya majaribio haiwezi kuwa nazo, kwa kuwa ilizaliwa Enfield. Hupima tundu la mtutu. Kisha hulinganisha namba, kipande kwa kipande, ajue kama viungo hivi vimekaa pamoja tangu mwanzo au vimekutanishwa baadaye.

Niliposoma maelezo haya nilikumbuka elimu ya Hadithi. Maulamaa wetu hawakutosheka na uzuri wa matini. Waliuliza: nani kaisikia kwa nani, na je, wawili hawa walipata kukutana? Maneno yaweza kuwa mazuri na sanadi ikawa imekatika, na mwenye elimu hana ruhusa kuificha kasoro hiyo. Sisawazishi chuma na maneno ya Bwana Mtume (S.A.W.), hasha! Nasema tu kwamba tabia ya kuhakiki ni moja, nayo ni tawi la ukweli. Kwa hiyo simlaumu mzee yule kwa kukusanya vya kale, maadamu hamna israfu wala kujifakharisha. Namlaumu kwa kuwa elimu aliyoitumia miaka mingi ili asidanganywe, siku ya kuuza aliikunja akaitia mfukoni.

Huenda mtu akasema: "Bunduki hiyo haitapigwa risasi hata moja. Komeo liwe lake au la mwenziwe, ila iko wapi?" Jawabu ni kwamba ila katika biashara haipimwi kwa matumizi peke yake. Maulamaa wametufunza kuwa ila ni kila kinachopunguza thamani ya kitu kwa mujibu wa ada ya wafanyabiashara wa kitu hicho. Na ada ya watu hawa ni kwamba namba zisipolingana bei hushuka. Basi hiyo ni ila, na mnunuzi akiigundua baadaye ana haki ya kurudisha mali na kudai fedha yake.

Ama "hakuuliza", huo si udhuru. Sote twakijua kisa cha Bwana Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke juu watu wauone, kisha akamwonya kwamba mwenye kughushi hayumo katika sisi. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari ya unyevu. Wajibu ulikuwa juu ya mwenye kujua.

Na kwa kijana wetu jambo ni zito zaidi, kwani maulamaa wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wamesema kwamba hata asiyekuwa muuzaji, akiijua ila, yampasa amjulishe mnunuzi asiyejua. Nikamwandikia: "Mwanangu, kwanza mnasihi mzee wako faraghani, kwa adabu. Asipokubali, mwambie mnunuzi." Nilijua kuwa ninamwagiza jambo linaloweza kumtoa kazini, na mkono wangu ulisita.

Alifanya hivyo. Mzee alikasirika, kisha akaiondoa bunduki sokoni kabla mnunuzi hajaja. Ingali ukutani, na mpaka leo wawili hawa huzungumza kwa uchache. Kijana aliniambia amepoteza mapenzi ya mzee, lakini analala usingizi.

Nasi tusiseme hayo ni ya Wazungu na bunduki zao. Katika miji yetu ya pwani wapo wanaolifukiza moshi sanduku jipya na kulipaka majani ya chai, kisha wakamwambia mgeni ni la babu wa babu. Wapo wanaofunga kufuli mpya kwenye mlango wa kale wakanyamaza. Na mtoto anayesugua shaba barazani anaona yote hayo na anajifunza. Je, akituuliza kama yule kijana alivyouliza, tutamwambia anyamaze?

Ewe Mola, tupe ndimi zenye kusema ila ya mali yetu kabla haijaonwa na mwingine. Amin.