Mshono Uliopinda na Dhamiri Isiyotulia



Leo nataka tuongee kuhusu swali ambalo dada mmoja wa VIWAWA alituuliza huku kwetu Mbinga, wakati tunajifunza kudarizi kwa cherehani: "Kama mshono wangu umepinda, na mimi najua umepinda, nikiupeleka altareni si namdharau Mungu?" Wengine walicheka. Mimi naona ni swali zito, na wala si la vitambaa peke yake.

Kwa wasioijua kazi hii, niieleze kidogo. Ukishona kawaida, cherehani inakusaidia: kuna kile kiguu kinachobana kitambaa, na meno ya chini yanayokisogeza kwa hatua zilizo sawa. Ukidarizi unajinyima misaada yote miwili. Unatoa kiguu, unashusha meno au unayafunika, unakaza kitambaa kwenye fremu ya mviringo, halafu mikono yako ndiyo inayokitembeza chini ya sindano. Ni kama kuandika huku kalamu imesimama na karatasi ndiyo inayokwenda. Miguu ikikanyaga haraka na mikono ikachelewa, nyuzi zinarundikana mahali pamoja. Mikono ikiitangulia miguu, mishono inakuwa mirefu kama ya gunia. Ulaya na Marekani wanatumia mbinu hiihii kushonea mifarishi, ile yenye pamba katikati ya vitambaa viwili. Kwetu utaikuta kwenye mashuka, vitambaa vya makochi na vitambaa vya altare. Na popote pale, jamani, wiki za mwanzo maua yanafanana na viazi.

Dada yetu alikuwa anafumua. Anashona jani, anatazama, anafumua, anarudia palepale. Kitambaa kipya kilijaa matundu ya sindano hadi kikaanza kuchanika, naye akasema hastahili kushona kitu cha kanisa. Siku nyingine tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniambia (ameniruhusu kuandika, bila jina) kwamba ana miezi kadhaa hajapokea Komunyo. Anakwenda kuungama, anatoka ametulia, halafu kabla Misa haijaanza anakumbuka wazo fulani lililompitia kichwani wakati wa rozari. Basi anabaki kwenye benchi wenzake wakienda. Maneno aliyotumia ni yaleyale ya kitambaa: "sistahili", "bado haijanyooka".

Hapo nikaona hatuwezi kumjibu juu juu kwamba "Mungu anaangalia moyo" tukaendelea na mambo yetu. Ni kweli Mungu anaangalia moyo, lakini usemi huo nimeusikia pia kwa wanakwaya ambao hawataki kufanya mazoezi. Nabii Malaki, sura ya kwanza, anawakemea vikali watu waliomtolea Mungu wanyama vipofu, vilema na wagonjwa. Kwa hiyo wasiwasi wa dada yetu una msingi kwenye Maandiko.

Ila soma sura hiyo mpaka mwisho. Mtu anayelaumiwa pale ana dume zuri kwenye kundi lake, ameliwekea nadhiri, kisha akalificha na kuleta lenye kasoro. Kosa lake ni kubania. Mtu ambaye mikono yake leo haiwezi zaidi ya hapo, na ameitoa yote, hana dume alilolificha zizini. Nadhani hapa ndipo tunapochanganya mambo: uzembe na uchanga vinaweza kutoa jani lilelile lililopinda, ukitazama kwa mbele huwezi kuvitofautisha.

Anayetufundisha ana njia yake. Hatazami maua kwanza. Anageuza kitambaa upande wa nyuma, anavuta uzi kwa ukucha. Uzi wa bobini ukiwa umelegea, unavutika na ua zima litafumuka siku ya kwanza ya kufuliwa. Hapo anakuamuru ufumue, hata kama mbele panapendeza sana. Lakini mshono ukiwa umeshika na jani limeenda upande tu, anakuambia endelea na jani linalofuata, kwa sababu mkono unajifunza kwa kusonga mbele.

Wamatengo wanalijua hili shambani. Milima ya kwetu ina miteremko mikali, na kwa zaidi ya miaka 100 wazee wamelima kwa ngolo: majani yanafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo unachimbwa katikati na kufukiwa juu ya majani, yanabaki mashimo yenye kingo pande zote. Maharage yanapandwa kwanza, mahindi msimu unaofuata. Ukisimama ng'ambo ya bonde, mlima mzima unaonekana kama mfarishi uliotandikwa, na hakuna shimo lililo sawa na jirani yake. Mama anayepita na jembe kukagua anatafuta kingo zilizobomoka, maana hapo ndipo maji ya mvua yatapenya na kuondoka na udongo. Mstari uliopinda anaupita.

Kanisa nalo linatofautisha. Katekisimu inasema dhambi ya mauti inahitaji vitu vitatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe na ufahamu kamili, na akubali kwa hiari yake. Dhambi nyepesi tunazijutia na ni vizuri kuziungama, lakini hazikufungii njia ya Komunyo. Na mawazo kutangatanga bila kupenda wakati wa rozari hata dhambi si dhambi; ni kichwa cha binadamu kilichochoka. Ukimwibia mtu, ukimsingizia mwenzio kwenye grupu la WhatsApp, huo ni uzi uliolegea: fumua, rudisha, omba msamaha.

Wasiwasi wa namna hii umewatesa hata watakatifu. Inyasi wa Loyola, akiwa Manresa, Hispania, mwaka 1522, alikuwa anaungama dhambi zilezile za zamani tena na tena na hapati amani, hadi akajaribiwa kujiua. Alitoka pale alipoamua kwamba hataziungama tena zile za zamani. Alfonsi wa Liguori, ambaye Papa Pio XII alimfanya msimamizi wa waungamishi mwaka 1950, naye aliteswa na hofu hiyohiyo. Ushauri unaotolewa na wengi tangu zamani ni mtu kuwa na muungamishi mmoja na kumtii, badala ya kuzunguka kwa mapadre watatu kutafuta jibu litakalomtosheleza.

Niseme pembeni: kuna hadithi kwamba Waamishi wa Marekani huweka kosa moja makusudi kwenye kila mfarishi, kwa sababu aliye mkamilifu ni Mungu peke yake. Wanaochunguza historia ya mifarishi wanaitilia shaka, na mimi wala siipendi. Anayepanda kosa makusudi anajiona bila hilo angekuwa mkamilifu. Sisi wengine makosa yanakuja bila kualikwa.

Halafu kuna lile neno la Bwana la kuwa wakamilifu kama Baba, Mathayo 5, ambalo dada yetu alilitaja. Sentensi zinazolitangulia zinahusu jua na mvua, ambavyo Baba huwapa wema na wabaya, na kuhusu kuwapenda maadui. Ukamilifu anaouzungumzia Yesu pale ni upendo usiochagua. Mtu anayejipima mshono kwa mshono kutwa nzima, muda wa kumtazama adui yake ataupata wapi?

Kitambaa kingine alikimaliza. Kiko kwenye kigango kimoja upande wa ziwani, njia ya Mbamba Bay, na akina mama wa WAWATA wa kule wamekifua mara nyingi bila uzi kuachia. Jani moja linatazama upande wake lenyewe. Komunyo amepokea Jumapili mbili, ya tatu akabaki tena kwenye benchi. Tumekubaliana aende kwa padre yuleyule, na siku hiyo nitamsindikiza.